Nishikie Huyu Ng'ombe Mpaka Nirudi

Buswelu, Jumamosi jioni

Skola, mama yangu,

Barua hii utaikuta ndani ya mfuko mdogo niliokushonea upande wa ndani wa sweta lako la shule. Usimlaumu mama yako kwamba hakukuonyesha, maana na yeye haujui. Nimeushona mchana alipokwenda mjini kukununulia ndoo, na uzi nimeuchagua wa rangi ileile ili asiuone. Kama umeugundua kabla treni haijafika Malampaka, basi una macho ya fundi, na nimefurahi.

Mambo ya sabuni, kufuli la sanduku, kutolala na nywele mbichi na kutokopesha watu kandambili, mama yako ameyasema tangu Jumapili iliyopita na jioni hii anayarudia huko chumbani, namsikia. Mimi nilijaribu kuchangia kidogo habari ya kufunga sanduku kwa kamba, akaniambia, "Baba Skola, kamba zako tunazijua." Mkacheka nyote wawili. Nikaona heri nije huku barazani nikuandikie yangu.

Nitakwambia kilichonikalisha. Juzi nilikuwa nyuma ya jiko, nimebeba majani ya ng'ombe wetu Kabula, nikakusikia ukimwambia mama yako: "Nitaenda Tabora, lakini muhula ukiisha narudi. Nitaomba nafasi chuo cha ualimu hapo Butimba, niwe karibu. Baba akianza tena, nani atamwangalia?" Nilisikia mwiko tu ukigonga sufuria. Nikasimama pale na majani yangu kama mwizi. Niliumia, sitakuficha. Kisha nikafurahi kwamba nimezaa mtoto mwenye moyo wa namna hiyo. Halafu nikakasirika, kidogo tu, kwa sababu umenifanya mgonjwa wakati ndiyo kwanza nimetoka kumkimbiza ng'ombe Koti kwenye miamba mpaka nimepoteza kiatu.

"Akianza tena." Ulikuwa darasa la tatu nilipoanza, na sijui unakumbuka nini. Tangu hapo hatujawahi kulizungumza jambo lile. Mama yako huwa anasema "kipindi kile", basi, tunaendelea kula. Leo nitalisema lote, maana naona kulinyamazia kwangu ndiko kulikokufanya ubebe mzigo ambao si wako.

Unajua mimi ni mtoto wa mvuvi wa Nansio, Ukerewe, ambaye akipanda mtumbwi anatapika. Ndugu zangu walinicheka mpaka wakachoka, na babu yako akanipeleka kwa fundi cherehani ili nisimwaibishe ziwani. Ndivyo nilivyofika Mwanza, nikapata kibaraza mbele ya duka la vitambaa pale Makoroboi. Miaka ile kitambaa kilikuwa cha kupangia foleni. Mtu aliyepata mita zake alikuja kwangu amezikumbatia kifuani, na mimi nilizikata kwa heshima. Nilijiona mtu. Harusi nyingi za mji huu zilipita mikononi mwangu, na kanisani nilikuwa naangalia migongo ya watu badala ya kumsikiliza padri, natafuta koti langu liko wapi.

Halafu mambo yakawa ruksa. Mipaka ikafunguka, bidhaa zikaingia, na marobota ya mitumba yakaanza kufunguliwa chini, kwenye turubai, hatua chache kutoka cherehani yangu. Mwanzoni nilicheka. Nilisema, nani atavaa kafa ulaya kwenye harusi? Wakavaa wote. Bwana harusi akavaa, na mshenga akavaa. Shati zima kutoka ng'ambo liliuzwa kwa bei ya vifungo vyangu. Mwenye duka naye akaacha vitambaa akaanza kuuza redio na televisheni, akahitaji kibaraza apange maboksi. Aliniambia kwa adabu, akaninunulia na chai. Nikapakia cherehani kwenye mkokoteni, nikarudi nayo Buswelu.

Sikulia, Skola. Watu hudhani mtu wa namna ile analia. Mimi nilinyamaza tu. Chakula kikawa hakina ladha, hata sato wa kukaanga wa mama yako, ambaye unajua watu walikuwa wanamfuata toka Ilemela. Nilikaa juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, kivuli kikanipita, jua likanikuta, sikuhama. Asubuhi ulikuwa unakuja na begi lako la shule, unapiga goti, "Shikamoo baba." Nilikuwa nakusikia. Marahaba ilikuwepo, lakini kuitoa mdomoni ilikuwa kazi kubwa kuliko kunyanyua cherehani. Ulikuwa unasubiri kidogo, kisha unaondoka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, wewe ukisubiri.

Watu walikuja. Mjomba wako alisema nimerogwa na mafundi wenzangu, nikashangaa, maana wenzangu walikuwa wanalala njaa kama mimi. Wengine walisema jikaze, wewe ni mwanaume. Wengine walisema nimshukuru Mungu, kuna wenye shida zaidi. Wote walikuja kwa upendo na wote waliniacha nimechoka zaidi. Mama yako ndiye aliyefanya la maana. Alinishika mkono akanipeleka zahanati, kwa muuguzi mmoja mama mtu mzima, ambaye alisikiliza hata yale nisiyoyasema. Akatwambia huu ni ugonjwa kama mwingine, hauna aibu, nirudi kwake kila wiki, na nyumbani nijaribu kushika kazi yoyote kwa mikono hata kidogo. Nilirudi kila wiki, na nitamshukuru mama yule mpaka kufa. Ila kati ya wiki na wiki palikuwa parefu sana.

Hapo ndipo alipokuja Masalu.

Wewe unamjua Masalu kama babu anayekuletea maziwa mgando. Wakati ule alikuwa mteja wangu tu, Msukuma mfugaji wa huku nyuma ya vilima, mtu mmoja mrefu ambaye suruali zake zilichanika kwenye miiba kila mwezi na nilizitia viraka mpaka viraka vikapata viraka. Siku hiyo alifika asubuhi anamburura ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja imepinda. Nikajiandaa kusikia pole. Hakusema pole. Alionekana ana haraka na amekasirika.

"Fundi, nina shida," akasema. "Naenda Geita, machimboni, kujalibu bahati. Huyu ng'ombe hapatani na wenzake, anawapiga pembe. Nikimwacha kule nitakuta ameua mtu. Nishikie mpaka niludi."

Nikatikisa kichwa. Akaniwekea kamba mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

"Anaitwa Kabula. Alizaliwa kwenye mvua. Usimpigie kelele, hapendi."

Akaenda zake. Mama yako akatoka jikoni na mikono ya unga. "Masalu! Wewe Masalu! Tutamlisha nini sisi?" Masalu alikuwa ameshafika kwenye mabonde, anatembea kama mtu anayekimbia mvua.

Basi tukabaki, mimi juu ya jiwe na ng'ombe chini. Alinitazama. Nilisubiri na yeye aniambie nijikaze. Hakuniambia chochote, alitafuna tu. Baada ya muda akageuka, akainua mkia, akakojoa, na miguu yangu yote miwili ikalowa mpaka kwenye magoti. Ilibidi nisimame. Mama yako anasema ndiyo mara ya kwanza kuniona nasimama bila kuambiwa.

Sasa, mimi habari za ng'ombe nilizijulia wapi? Kwetu kinachorudi jioni ni chombo, na chombo kinafungwa kwenye jiwe. Nikatafuta jiwe zuri, nikalizungushia kamba kwa fundo la babu yako, lile la kufungia mtumbwi ufukweni, nikaliweka chini kwa uangalifu. Nikaridhika kabisa. Nikamtilia nanga ng'ombe wa watu, nikarudi kukaa.

Kabula alitafuna kidogo, akaona majani ya viazi ng'ambo, akaondoka na nanga yake. Jiwe likaburuzika nyuma yake likivunja mahindi, likapita katikati ya nyanya, likaenda mpaka kwenye matuta ya viazi ya Mwalimu Magesa. Mke wake, Mama Anna, ndiye aliyelikuta lile jambo. Alishika kamba, akaifuata mpaka mwisho, akaliona jiwe, akaliangalia fundo. Alikuwa Mjita wa Musoma ufukweni, analijua fundo lile tangu utoto. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matuta. "Mwalimu!" akaita. "Mwalimu njoo uone, Mkerewe ametia nanga ng'ombe!" Mwalimu Magesa akatoka na kitabu mkononi na miwani puani, akalizunguka lile jiwe, akasema kwa sauti yake ile ya darasani kwamba fundo lenyewe ni safi, kosa ni chombo. Wakanirudishia ng'ombe wakiwa wanacheka bado, wala hawakudai viazi vyao. Nilisimama mlangoni nikaona midomo yangu inajivuta pembeni. Haikuwa kicheko, lakini ilikuwa jirani yake.

Kesho yake Kabula alilia kiu. Nilijaribu kutokusikia. Ng'ombe mwenye kiu, Skola, huwezi kutomsikia, na mama yako alikuwa ameshakwenda mwaloni kuchukua samaki wake. Nikachukua ndoo. Nilipomsogelea akarudi nyuma, akanitolea ile pembe iliyopinda. Nikamwambia kwa Kikerewe, kwa midomo tu, bila sauti, kwamba ni maji. Hakujali. Nikakumbuka huyu ni wa kwa Wasukuma. Kisukuma changu kilikuwa cha kibarazani, cha kupimia watu kiuno, lakini salamu nilizijua. Nikamwambia, "Mwangaluka, Kabula."

Sauti ilitoka kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Akasimamisha masikio. Nikarudia, "Mwangaluka." Akaja akanywa, na pua yake ilikuwa inanipulizia mkono hewa ya moto. Nilikaa pale mpaka akamaliza ndoo, na nilisikia kitu ambacho nilikuwa nimekisahau, kwamba kuna mtu duniani alihitaji kitu na mimi nimempa.

Wewe ulikuwa umejificha kwenye kona ya nyumba na begi lako. Mimi sikukuona, mama yako ndiye aliyenisimulia baadaye. Ulimkimbilia njiani unapiga kelele, "Baba ameongea! Ameongea na ng'ombe! Kisukuma!" Akakushika mabega, akakwambia usiniambie kwamba umesikia, usije ukanitisha. Mtoto wa darasa la tatu, na ukanyamaza kweli. Asubuhi iliyofuata ukapiga goti kama kawaida na nikakuitikia, "Marahaba, mama." Ukaondoka polepole mpaka kwenye kona, halafu nikasikia viatu vyako vikikimbia mpaka barabarani.

Nisikudanganye kwamba kuanzia hapo nilipona. Zilikuwepo siku nilizomnywesha Kabula na kurudi kulala. Lakini aliingia kwenye siku zangu, na kila siku alikuwa na la kwake. Alikula kanga ya mama yako, ile ya njano, akaanza na maandishi, na mama yako akamkimbiza na ufagio akimtukana kwa Kikerewe, Kiswahili na lugha nyingine ambayo sikuitambua. Alijifunza kusukuma mlango wa jiko. Alinifuata kwenye lile jiwe, akawa anaweka kidevu chake begani kwangu, na kidevu cha ng'ombe ni kizito, mwanangu. Nilikuwa namsimulia habari za kibaraza. Hakunikatiza wala hakunipa mfano wa mtu mwenye shida kuliko mimi.

Kuhusu Masalu na Geita yake. Miezi ikapita hakuna habari. Siku moja nikampeleka Kabula kunywa bwawani, upande wa pili wa vilima. Nikakuta kundi la ng'ombe linakunywa, hakuna mchungaji. Nikashangaa. Kisha chini ya tumbo la dume mmoja mkubwa nikaona miguu miwili mirefu imevaa katambuga, na juu ya miguu hiyo suruali yenye viraka vyangu.

"Masalu," nikaita.

Ng'ombe akasogea, miguu nayo ikasogea naye.

"Masalu, viraka hivyo nimetia mimi."

Akachomoza kichwa juu ya mgongo wa dume. "Ah, Fundi! Habali za siku nyingi? Nimeludi jana."

"Ulipata dhahabu?"

"Kidogo, si sana." Akaangalia maji. Kisha akashindwa, akacheka, na mimi nikacheka, kicheko chenyewe sasa, mpaka ng'ombe wakatutazama. Hakuwa amekwenda Geita hata siku moja. Alikuwa anapita njia ya mbali kwenda mnadani ili nisimwone.

Tulikaa kwenye nyasi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia ukweli. Akasema, "Ningekuletea msaada ungekataa. Ndiyo maana nikakuletea shida." Akaniambia ng'ombe zake waliwahi kuisha kwa ugonjwa, wote, akalala ndani akageukia ukuta, na mama yake mzazi hakumbembeleza. Alikuja na kifaranga kilichovunjika mguu, akakiweka kitandani, akasema hana muda nacho, akatoka. "Kifalanga, Fundi! Mimi mwenye zizi!" Alisema alikasirika sana, lakini kifaranga kilikuwa kinalia.

Nikamwuliza atamchukua lini Kabula. Akasema, "Nitakwenda tena Geita kesho." Mpaka leo bado yuko Geita.

Kilichofuata unakikumbuka vizuri, maana ulishika taa ya mkono wakati Kabula anazaa, mvua ya masika inamwagika. Ndama alitoka anatetemeka, miguu haina nguvu. Mama yako akasema atakufa kwa baridi. Nikaenda kwenye kona, nikatoa gunia juu ya cherehani, nikapangusa vumbi. Lilikuwepo koti la mtumba, la sufu, la mtu mnene wa nchi ya baridi, ambalo mjomba wako aliliacha kwa kuwa halikumkaa mtu yeyote. Nikalikata. Nikampima ndama kifua na mgongo kama ninavyompima mtu, nikamwekea tundu za miguu, nikatia vifungo chini ya tumbo. Mikono ilikuwa inajua kazi yake, haikuwa imeniuliza mimi. Asubuhi ndama alisimama uani amevaa koti la Ulaya lenye kola, na wewe ukampa jina palepale, Koti.

Watu walikuja kutoka Buswelu yote kumwona. Walicheka, wakamzunguka, wakamshika mabega. Halafu yule mwenyekiti wa kwaya, mnene, akainama akiangalia mshono wa begani. Akasema, "Fundi, mimi nina koti la mtumba linanipwaya huku na linanibana huku. Kama ndama limemkaa hivi, mimi itashindikana?" Nikamwambia alete. Siku chache baadaye wakaja wengine na suruali ndefu mno, magauni mapana mno, nguo za watu wa ng'ambo ambao inaonekana hawana viuno kama vya kwetu. Miaka yote niliyoichukia mitumba, sikuwahi kuona kwamba hakuna hata moja iliyomkaa mtu vizuri. Hiyo ndiyo kazi iliyokusomesha mpaka hapa, kupunguza na kuongeza nguo za kafa ulaya, na nimeipenda kuliko ile ya kwanza kwa sababu nafanyia nyumbani na naweza kutoka kumwangalia ng'ombe.

Sasa nirudi kwenye neno lako la jikoni. Akianza tena. Mwanangu, huanza tena. Sikudanganyi. Masika iliyopita kuna asubuhi niliamka nikakuta ile hali imekaa pembeni ya kitanda inanisubiri. Nilimwambia mama yako siku ileile, sikungoja, tukaenda kumwona muuguzi wetu, na asubuhi nilitoka kumsalimia Kabula hata kama sikutaka. Ikapita. Itakuja tena na itapita tena. Wewe hukujua, ulikuwa kwenye mitihani, na mambo yalikwenda vizuri tu bila wewe kunilinda. Nakuomba na wewe, kama siku moja huko bwenini utaamka chai haina ladha na wenzako wanaongea kwa mbali, usifanye nilivyofanya mimi, usikae juu ya jiwe. Mwambie mtu. Niandikie. Na ukimwona mwenzako yuko hivyo, usimhutubie. Mwombe akusaidie kitu.

Kuna mtu ninayemfikiria sana siku hizi, naye unamjua. Mwalimu Magesa. Tangu Mama Anna afariki hafungui madirisha. Amekufundisha kusoma yule mzee, na Jumatano ulipokwenda kumuaga hakukutambua mpaka ulipotaja jina, uliniambia mwenyewe huku unalia. Nimekwenda mara nyingi. Nimempa pole, nimempelekea samaki, nimeketi naye. Ananishukuru kwa adabu na anasubiri niondoke. Naijua subira ile, nimeitumia mimi mwenyewe. Kwa muuguzi amekubali kwenda, mama yako atamsindikiza. Lakini kati ya wiki na wiki, Skola?

Kwa hiyo nimepanga hivi, na sijamwambia mtu ila Masalu, ambaye ameniunga mkono kwa kicheko cha kukera. Kesho jioni tukishakupandisha treni, nitalala. Keshokutwa asubuhi nitakwenda kwa Mwalimu na Koti. Ni ng'ombe mzima sasa, mtukutu kama mama yake, na Masalu alisema zamani kwamba aliyevaa nguo yangu ni wangu. Nitafika nimekasirika na nina haraka. Nitamwambia, "Mwalimu, nina shida. Binti yangu yuko Tabora, na mimi itabidi niwe nasafiri mara kwa mara kwenda kumwona. Huyu ng'ombe ananisumbua, anavunja zizi. Nishikie mpaka nirudi." Nitamwekea kamba mkononi, nitavikunja vidole vyake. Kisha nitaondoka kwa miguu ya Masalu. Nimeshafanya mazoezi ya kutembea hivyo huku uani, mama yako akaniuliza kama naumwa nyonga.

Sasa unaona ulivyoniharibia? Ukirudi baada ya muhula mmoja ukasome hapo Butimba, mimi nitakuwa na sababu gani ya kwenda Tabora? Mwalimu ana akili kuliko sisi wote. Atanirudishia ng'ombe siku hiyohiyo, na atafunga dirisha. Nakuhitaji ukae huko, mama. Ukae miaka yote miwili, usome, ucheke na wenzako, unenepe. Usibaki kwa ajili yangu. Kama lazima ufanye jambo kwa ajili yangu, basi ondoka.

Na nina ombi jingine. Mwandikie Mwalimu. Usimpe pole, ameshapewa za kutosha. Muulize Koti anakula nini, na ile alama nyeupe aliyokuwa nayo pajani imepanda au imeshuka. Muulize kitu ambacho hawezi kukijibu bila kutoka nje kuangalia. Ataangalia, maana hajawahi kumwacha mwanafunzi bila jibu.

Mimi nitakuwa nazunguka njia ya mbali kwenda mjini, ile ya nyuma ya vilima, asinione. Mama yako atanuna kwa sababu ya viatu vitakavyoisha. Kabula atakuwa hapa na kidevu chake. Nitakukumbuka kila asubuhi, saa ile ya viatu vyako kukimbia kwenye kona, na nitalia kidogo, kilio cha kawaida cha mzazi, usikiogope.

Baba yako mpendwa, aliyefanya sweta hili linukie ng'ombe kidogo, samahani.

Nimesahau la mwisho. Mwalimu akikuandikia kukuuliza, "Baba yako anarudi lini kutoka huko?" mjibu kwa heshima zote, "Wiki ijayo, Mwalimu." Na akiuliza tena baada ya mwaka, mjibu hivyohivyo.